Koma, nukta au nuktamkato? Jinsi ya kuchagua kiungo kati ya vishazi viwili vya Kiingereza

Kivuko kiliharibika. Tulikosa usaili. Ukiziandika habari hizi kwa Kiingereza unapata vishazi huru viwili, "the ferry broke down" na "we missed the interview". Kila kimoja kina kiima chake na kitenzi chenye wakati, na kila kimoja kinaweza kusimama peke yake. Maneno yenyewe hayamsumbui mtu. Kinachosumbua ni pale yanapokutana. Zipo namna sita zinazokubalika za kuviweka pamoja, na kila moja inamwambia msomaji jambo tofauti kidogo kuhusu uhusiano wa habari hizo mbili.

| Sentensi | Msomaji anaelewa nini | Ichague lini |
|---|---|---|
| The ferry broke down. We missed the interview. | Mambo mawili yenye uzito sawa. Uhusiano aujaze mwenyewe | Vishazi ni virefu, au una shaka |
| The ferry broke down, so we missed the interview. | Sababu kwanza, tokeo baadaye, yote mawili ni habari | Maelezo ya kawaida, barua, ripoti |
| The ferry broke down; we missed the interview. | Mambo mawili yaliyoshikana, bila kusema yameshikana vipi | Vishazi vifupi vinavyolingana au kupingana |
| Because the ferry broke down, we missed the interview. | Habari kuu ni usaili; kivuko ni maelezo tu | Kishazi kimoja ni kikubwa kuliko kingine |
| We missed the interview: the ferry broke down. | Kishazi cha pili kinajibu swali lililoachwa na cha kwanza | Ufafanuzi au sababu inayokuja nyuma |
| We missed the interview – the ferry broke down. | Kama koloni, ila kwa sauti ya mazungumzo | Ujumbe, makala nyepesi |

Isiyokubalika ni hii: "The ferry broke down, we missed the interview." Walimu wa Kiingereza huliita kosa hili "comma splice", na kwetu linatoka kirahisi kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kitu kinachofanana nalo. "Kivuko kiliharibika, tukakosa usaili" ni Kiswahili safi. Ile -ka- ndani ya kitenzi imeshabeba kazi ya kuonyesha kuwa jambo la pili lilifuata la kwanza, na koma hapo ni pumzi tu. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kazi ya kuunganisha inabaki kwa kiunganishi au kwa alama nzito zaidi, na koma peke yake haina nguvu ya kubeba vishazi huru viwili. Utakutana na "I came, I saw, I conquered", na hiyo hukubaliwa kwa sababu vishazi ni vitatu, vifupi mno na vina umbo moja. Usiifanye kanuni ya barua ya kuomba kazi.

Hesabu vishazi kwanza

Huwezi kuchagua alama kabla ya kujua una vishazi vingapi na vya aina gani. Pigia mstari kila kitenzi chenye wakati. "Broke", "knows", "has been repaired" vinahesabika, na hicho cha mwisho ni kimoja ingawa kina maneno matatu. "Running", "to catch" na "damaged" vikiwa peke yake havina wakati, kwa hiyo vinaunda virai. Kisha tafuta kiima cha kila kitenzi ulichopigia mstari. Mwisho, tazama neno linaloanzisha kishazi: likiwa because, although, if, when, unless, that, who au which, kishazi ni tegemezi na hakiwezi kusimama peke yake.

Jaribu hapa:

"The driver who brought us knew that the bridge, damaged by floods, had been closed."

Vitenzi vyenye wakati ni vitatu: brought, knew, had been closed. Kwa hiyo kuna vishazi vitatu. "The driver knew" ndicho kishazi huru. "Who brought us" na "that the bridge had been closed" ni tegemezi. "Damaged by floods" ni kirai kilichochomekwa, ndiyo maana kina koma mbili. Angalia pia ambavyo hakuna koma kati ya "us" na "knew". Kiima kikiwa kirefu mkono huwashwa kuweka koma mwishoni mwake, kama tunavyofanya mara nyingi katika "Wanafunzi waliofeli mtihani, waliitwa ofisini". Kwa Kiingereza kiima hakitenganishwi na kitenzi chake kwa koma moja, hata kiwe na maneno ishirini. Vilevile hakuna koma kabla ya "that" ya kuripoti: "He said that he was tired", basi.

Koma na kiunganishi

Viunganishi vinavyoweza kuunganisha vishazi huru viwili kwa msaada wa koma ni saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Koma hukaa kabla ya kiunganishi, si baada yake. "The road was repaired, but the bus still came late." Vishazi vikiwa vifupi sana koma inaweza kuachwa: "He sang and she danced." Ukitumia nor, kumbuka kwamba kishazi cha pili hupindua mpangilio wake: "He did not call, nor did he write."

Mtego uko kwenye vitenzi viwili vya mtu mmoja. "Alifunga ofisi akaenda nyumbani" ina a- mara mbili, kila kitenzi kimevaa kiambishi cha mtendaji, kwa hiyo mwandishi anahisi ana vishazi viwili kamili na kuandika "He locked the office, and went home". Kwa Kiingereza "went" hapo haina kiima chake. Inategemea "he" ile ya mwanzo. Ondoa koma: "He locked the office and went home." Mlolongo mrefu zaidi, kama "alifika, akakaa, akaagiza chai", unakuwa "He arrived, sat down and ordered tea", kiima kimoja na vitenzi vitatu. Ukirudia "he" kila mara umeshatengeneza vishazi vitatu, na koma tupu kati yake zitakuwa lile lile kosa la mwanzo.

But au however

Hapa ndipo insha nyingi huanguka, hata za watu wanaojua Kiingereza vizuri. Maana zinakaribiana sana, lakini alama zake hazifanani hata kidogo:

"The price rose, but we bought the maize."

"The price rose; however, we bought the maize."

"The price rose. We, however, bought the maize."

Zote tatu ni sahihi. Hii si sahihi: "The price rose, however, we bought the maize." However imening'inia kati ya koma mbili, na msomaji hajui kama ni mkia wa kishazi cha kwanza au kichwa cha pili. Kuzitofautisha ni rahisi: jaribu kulisogeza neno ndani ya kishazi chake. However linahama bila shida, "we, however, bought" au "we bought the maize, however". But haliwezi, hakuna asemaye "we but bought". Neno linaloweza kuhama ni kielezi, na kielezi hakiunganishi vishazi. Kinahitaji nukta au nuktamkato (;) mbele yake, na kwa kawaida koma nyuma yake. Therefore, moreover, nevertheless, consequently na otherwise yako kundi hilo hilo. Then nalo ni kielezi, ingawa "I boiled the water, then I added the flour" wahariri wengi wanaiacha ipite. Kwenye mtihani andika "and then".

However likikosa koma mbele ya kivumishi au kielezi lina maana nyingine kabisa. "However hard we pushed, the lorry did not move" ni "hata tungesukuma vipi". Hapo linaanzisha kishazi tegemezi, na koma inasubiri mpaka kishazi hicho kiishe.

Nukta au nuktamkato

Nuktamkato inasifiwa kupita kazi yake. Sharti lake ni moja: pande zote mbili ziwe vishazi huru. Weka nukta mahali pake, na kama upande mmoja unachechemea, umekosea. "Because the ferry broke down; we missed the interview" inafeli jaribio hilo papo hapo. Baada yake herufi ndogo, isipokuwa kwa jina mahususi.

Panapoipendeza ni pawili. Kwanza kabla ya however na wenzake, kama hapo juu. Pili, vishazi viwili vinapopimana: "The north got rain; the south got none." Nje ya hapo nukta inafanya kazi ile ile bila mbwembwe. Kwenye barua ya kazi ya ukurasa mmoja, nuktamkato mbili zinatosha kabisa. Kazi yake nyingine, ya kutenganisha vitu vya orodha ambavyo tayari vina koma ndani yake, haihusiani na vishazi.

Kishazi tegemezi: mbele au nyuma?

Hiki ndicho chombo tunachokitumia kidogo kuliko kinavyostahili. Nukta na "and" zinasawazisha kila kitu. Because, although na when zinasema lipi ni kubwa. Kanuni ya msingi ni nyepesi. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka koma mwishoni mwake: "When the rain stopped, the match resumed." Kikifuata, kwa kawaida hakuna koma: "The match resumed when the rain stopped." Vishazi vya kupinganisha vinavyoanzwa na although au whereas huchukua koma hata vikija nyuma: "She passed, although she had missed a whole term."

Usiweke viunganishi viwili kwa kazi moja. "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" tunaisikia kila siku na hakuna anayeshtuka. "Although he was sick, but he came" ni kosa. Although imeshakifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi. But inataka kishazi huru pande zote mbili na haikipati. Chagua moja: "Although he was sick, he came" au "He was sick, but he came". Because na so vilevile haziendi pamoja. Maswali ya mtihani yanayokutaka uunganishe sentensi mbili kwa neno ulilopewa hukamata wengi hapa: unaambiwa uanze na although, unaanza nayo, halafu but inachomoza yenyewe katikati.

Because baada ya ukanushi inahitaji uangalifu wa pekee. Soma:

"She did not resign because she was angry."

Alijiuzulu, ila kwa sababu nyingine? Au hakujiuzulu, na hasira ndiyo iliyomfanya abaki? Kiswahili kina utata huo huo katika "hakujiuzulu kwa sababu alikuwa na hasira". Kwa Kiingereza koma inasaidia: "She did not resign, because she was angry" inamaanisha alibaki. Ila kuweka matumaini yote kwenye koma moja ni hatari, na hapa heri kubadili sentensi nzima: "Because she was angry, she did not resign", au "She resigned, but not out of anger".

Kuna jozi nyingine inayofanana kwa sura: so na so that. "She spoke slowly so that we could follow" ni lengo, yaani "ili", na haina koma. "She spoke slowly, so we followed" ni tokeo, yaani "hivyo", na ina koma. Kama unaweza kuweka "ili" kwenye Kiswahili chake, koma iondoke.

Kwamba koma moja kabla ya kishazi cha masharti ni jambo la pesa, Kanada waliliona. Kampuni za Rogers na Aliant zilikuwa na mkataba wa nguzo za nyaya uliosema utadumu miaka 5, "and thereafter for successive five year terms, unless and until terminated by one year prior notice". Rogers waliamini miaka 5 ya kwanza haiguswi. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, CRTC, iliamua kuwa koma kabla ya "unless" inakifanya kishazi hicho kihusu kipindi cha kwanza pia, si vipindi vya kuongeza tu. Maana yake Aliant wangeweza kuuvunja wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja. Mwaka 2007 tume ikageuza uamuzi baada ya kupima mkataba huo kwa toleo lake la Kifaransa, ambalo halikuwa na utata. Kama unataka "unless" ihusu sehemu moja tu ya sentensi, anza sentensi mpya na uitaje sehemu hiyo.

Kishazi rejeshi: na koma au bila koma

Hapa hakuna nafasi ya kuchagua kwa ladha, kwa sababu koma inabadili maana. Tuseme tangazo limebandikwa kwenye nyumba ya kupanga:

"Tenants who have not paid by the 5th will be fined 20,000 shillings."

"Tenants, who have not paid by the 5th, will be fined 20,000 shillings."

La kwanza linawahusu waliochelewa tu. Kishazi "who have not paid" kinachuja: kati ya wapangaji wote, hawa. La pili linasema wapangaji wote hawajalipa na wote watatozwa faini. Kishazi kimekuwa maelezo ya ziada. Kiswahili kwa "wapangaji ambao hawajalipa" kinaacha muktadha uamue, ndiyo maana jicho letu halikuzoea kuitafuta koma hapo. Jaribio: futa kishazi. Kama bado unajua ni nani anayezungumzwa, weka koma. Kama umempoteza, usiweke. "My sister, who lives in Dodoma, is a nurse" inatoka kwa mtu mwenye dada mmoja. Bila koma, dada ni zaidi ya mmoja na huyu ndiye wa Dodoma. Jina mahususi kwa kawaida halihitaji kuchujwa, kwa hiyo koma zipo: "Mwanza, which lies on Lake Victoria, has grown fast." Koma hizo ni mbili. Kuweka ya kwanza na kusahau ya pili kunaacha sentensi wazi, na ndilo kosa la kwanza la kutafuta unapopitia kazi.

That au which? Penye koma, that haiingii kamwe. Pasipo koma, Waingereza hutumia yoyote kati ya hizo mbili, ilhali wahariri wengi wa Marekani wanataka that. Ukiandikia chuo cha Marekani, fuata that, kwingine usihangaike. Kishazi kisicho na koma kinaweza hata kudondosha neno lenyewe likiwa yambwa, yaani mtendwa wa kitenzi: "the book I bought". Chenye koma hakiwezi.

Kiswahili kina kawaida moja inayovuka mpaka bila kuulizwa. "Mtu niliyemwona" ina -ye- na -m-, mtu yule yule mara mbili, na ni sahihi. "The man whom I saw him" ni kosa. Whom imeshachukua nafasi ya him. Ni vivyo hivyo kwa "the house which I live in it": futa it.

Which inaweza pia kurejelea kishazi kizima, kama tunavyosema "jambo lililomuudhi bosi". "He came late, which annoyed the boss." Koma ni lazima. Ukiweka nukta badala yake na kuandika "Which annoyed the boss." kama sentensi kamili, unabaki na kishazi tegemezi kisicho na mwenyewe, kwenye gazeti utakiona, kwenye mtihani kitakukosesha alama.

Koloni na kistari kirefu

Kilicho kabla ya koloni lazima kiwe kishazi huru kamili. "The reasons are: cost and distance" inakata sentensi katikati; ama ondoa koloni, ama andika "There are two reasons: cost and distance." Mtindo wa APA, mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa Marekani, huanza na herufi kubwa kama kinachofuata koloni ni sentensi kamili, Uingereza kwa kawaida ni herufi ndogo.

Kistari kirefu kinaweza kushika nafasi ya koloni, au viwili vikashika nafasi ya mabano. Kiambatanishi kifupi cha "well-known" si mbadala wake. Wachapishaji wengi wa Uingereza hutumia kistari cha wastani chenye nafasi pande zote mbili. Marekani hutumia kirefu zaidi kisicho na nafasi. Kwenye Word, neno likifuatwa na vistari viwili na neno jingine bila nafasi, programu hukigeuza kuwa kirefu; nafasi, kistari kimoja na nafasi hutoa cha wastani.

Ukishamaliza kuandika, fungua kisanduku cha kutafuta kwa Ctrl na F, uweke kwa zamu ", however", ", therefore" na ", then". Kila kinachopatikana, soma upande wa kushoto na wa kulia kama sentensi mbili. Zote zikisimama, koma ya kushoto igeuke nuktamkato au nukta. Kisha tafuta "although" na uangalie kama kuna but mbele yake ndani ya sentensi hiyo hiyo. Mwisho tafuta ", who" na ", which", na kwa kila moja iliyo katikati ya sentensi, fuata mstari mpaka uione koma ya pili.